Protini kupelekwa sehemu siyo ndani ya seli, inaweza kuleta kansa? Wajuvi wa baiolojia mje

TichaWaPCB

Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni mwalimu wa baiolojia kidato cha tano na sita, shule ya serikali huku mkoani. Kwenye topiki ya saitolojia tumefika kwenye Golji, nikaeleza kama kawaida, ribosomu inatengeneza, retikulamu ya endoplazimu inakunja, Golji inafungasha, kifuko kinaenda kwenye utando protini inatoka, tumemaliza. Binti mmoja akanyoosha mkono, "mwalimu, na protini ikipelekwa sehemu siyo? Mtu anaweza kupata kansa?" Nikamwambia nalibeba nitakuja na jibu.

Sasa nimepekua vitabu nilivyo navyo, kwenye sura ya kansa wanaongelea mutesheni, sigara, mionzi, basi. Kwenye sura ya Golji kansa haitajwi kabisa, utadhani ni miili miwili tofauti. Kuna uhusiano wa kweli au nitakuwa nalazimisha? Na kama upo naomba kansa yenyewe itajwe kwa jina, sio "tafiti zinaonyesha", maana hawa kidato cha sita ukiwapa jibu la juujuu wanakurarua mbele ya darasa. Nawasilisha.

MzeeWaKuchungulia

Nakaa siti ya dirishani. Sielewi hata robo ila nyuzi za hivi ndo zinafanya bando langu liishe kihalali.

SeliHailali

Ticha huyo binti mpe maksi zake mapema, swali lake watu wameandikia tasnifu. Jibu fupi ni ndio, na kuna kansa ya damu ambayo kinachotokea ndo hicho hicho alichosema, anuani ya protini imebadilika ikaenda sehemu siyo. Nitaifikia, ngoja kwanza tuweke msingi maana wengine humu wametoka HGL.

Protini haitembei kwa kubahatisha. Anuani yake imo ndani ya mnyororo wake wenyewe wa asidi amino, kipande kifupi tu ambacho mitambo ya seli inakitambua. Ni kama mzigo wa basi la mkoani, jina na namba ya simu vimeandikwa kwa makapeni juu ya boksi, konda hana haja ya kujua ndani kuna nini. Günter Blobel ndo alionyesha hilo akapewa Nobel 1999. Kabla yake George Palade alishaifuatilia njia yenyewe, retikulamu kwenda Golji kwenda nje, Nobel yake ni ya 1974 pamoja na Albert Claude na Christian de Duve. Halafu 2013 wakapewa James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof kwa kueleza vifuko vinajuaje pa kushusha. Schekman alitumia hamira jamani, hamira hii hii ya maandazi, akatafuta zile ambazo jeni zao zimeharibika mpaka mizigo inarundikana ndani haitoki, na kutoka hapo wakazibaini jeni za usafiri moja baada ya nyingine.

Sasa pale kitabu chako kinaposema tumemaliza ndo kansa inapopata nafasi, kwa sababu kuna safari ya kurudi ndani ambayo sekondari tunaipita haraka sana. Chukua kipokezi kinaitwa EGFR, kimekaa kwenye utando wa seli za ngozi, mapafu, utumbo na kwingineko. Kazi yake kusubiri kichocheo cha ukuaji kinaitwa EGF. Kikishikwa, vipokezi viwili vinaungana, vinapachikana fosfeti, na amri inashuka hadi kwenye kiini: gawanyika. Seli yenye afya haiachi amri hiyo iendelee hovyo. Ndani ya dakika chache kipokezi kinavutwa kwenye kishimo cha utando kilichozungushiwa protini inaitwa klatrini, kishimo kinafumba, kinakatika, kinakuwa kifuko na kuingia ndani mpaka kituo kinaitwa endosomu. Hapo njia ni mbili. Kurudishwa juu kikafanye kazi tena, au kupelekwa lisosomu kikameng'enywe kisionekane tena. Kinachoamua kwa kiasi kikubwa ni alama, kuna kimeng'enya kinaitwa Cbl kinakipachika kipokezi vijiprotini vya ubikwitini, na kikishapachikwa vile safari yake ni ya lisosomu. Na mpaka kimezwe kabisa ndani ya endosomu mkia wake bado uko upande wa saitoplazimu unaendelea kutoa amri, kwaiyo dakika chache za kuchelewa zina maana.

Kuna kitu huwa kinanifurahisha sana hapa. Vichocheo viwili tofauti, EGF na TGF-alfa, vyote vinashika kipokezi kile kile kimoja. Ila ndani ya endosomu kuna uasidi. TGF-alfa akikutana na uasidi kidogo tu anaachia, kipokezi kinabaki kitupu kinarudishwa juu kuanza upya. EGF anang'ang'ania mpaka kipokezi kinaenda kumalizwa. Yaani amri ya kwanza ni ile ile ila seli iliyopata TGF-alfa inachochewa muda mrefu zaidi kwa sababu tu ya nani aliachia mapema. Na uvimbe mwingi wa kansa hujitengenezea TGF-alfa wake wenyewe, haungoji wa jirani.

Haya, kansa ya anuani niliyoahidi. Lukemia kali ya mayeloidi, kifupi AML. Kama theluthi moja ya watu wazima wenye ugonjwa huu wana mutesheni kwenye jeni ya NPM1. Protini ya NPM1 makazi yake ni ndani ya kiini, kwenye nukleolo, pale ribosomu zinapoundwa. Mutesheni yenyewe mara nyingi ni herufi 4 tu za DNA zimechomekwa karibu na mwisho wa jeni. Kwa kuwa DNA inasomwa herufi tatu tatu na 4 haigawanyiki kwa 3, usomaji wote unaofuata unahama (hapo wanafunzi wako wameshaelewa), mkia wa protini unabadilika, zile triptofani (asidi amino) zilizokuwa zinaishikilia kwenye nukleolo zinapotea na mahali pake inazaliwa anuani mpya inayosema nitoe nje ya kiini. Protini inahamia saitoplazimu, seli changa za damu zinakwama hazikomai, zinaongezeka tu. Kundi la Brunangelo Falini huko Italia lilitangaza hili 2005, na walianza kushtuka kwa kuangalia kwenye hadubini, rangi ilikuwa imekaa sehemu ambayo haikutakiwa kuwepo.

Mpe binti huo mfano mmoja unatosha.

MzeeWaHoja

Nimesoma yote na naona mnapamba. Hapo kwenye AML chanzo ni mutesheni, usafiri umeharibika baadaye kama matokeo. Ukienda na hoja hiyo kila kitu ndani ya seli kinahusiana na kansa, hata maji. Na jeni zinazoongoza kuharibika kwenye kansa zinajulikana, TP53, KRAS, PIK3CA na ndugu zao, sijawahi kuona klatrini kwenye orodha ya juu pale. Ticha kawaambie watoto kansa ni ugonjwa wa jeni, mengine ni mapambo.

SeliHailali

Mzee hoja yako ina nusu ya ukweli na hiyo nusu nakupa. Klatrini na wenzake seli haiishi bila wao, ukiwavunja unaua seli ya kansa nayo, ndo maana huwaoni kwenye orodha ya juu. Kansa mara nyingi haivunji njia, inachezea alama na kasi.

Lakini sio kweli kwamba usafiri siku zote ni matokeo. Nenda kansa ya mapafu. Asilimia kama 3 ya wagonjwa wa zile za kawaida zisizo za seli ndogo wana kasoro ya kuruka eksoni 14 ya jeni ya MET (eksoni ni kipande cha jeni chenye maelekezo ya kutengeneza protini). MET ni kipokezi cha familia inayofanana na EGFR kwa kazi. Ile eksoni 14 ndo imebeba sehemu ambayo Cbl anashika ili apachike ubikwitini. Eksoni ikirukwa protini inatoka inafanya kazi vizuri kabisa, sehemu yake ya kutoa amri haina hata mkwaruzo, ila haina pa kupachikwa alama ya kwenda lisosomu. Inabaki pale juu inatoa amri muda wote. Kosa zima la mutesheni ile ni kwamba kipokezi hakiondolewi. Ukiita hiyo mapambo basi sijui. Na imeshafika kwenye duka la dawa, kapmatinibu iliruhusiwa Marekani 2020 kwa wagonjwa wa aina hiyo hiyo. Ukigeuza upande wa pili Cbl mwenyewe anakutwa ameharibika kwenye baadhi ya lukemia, zile zinazoitwa JMML za watoto na CMML za wazee. Upande mmoja pa kupachika pamepotea, upande mwingine mpachikaji ndo mbovu, matokeo ni kipokezi kukaa kazini kupita muda wake.

Na kukupa kitu cha kunipigia, kuna protini inaitwa Rab25, inaongoza vifuko vinavyorudisha vitu juu. Kwenye kansa ya ovari mara nyingi jeni yake ina kopi za ziada, na inasaidia seli ya kansa kutambaa kwa sababu inarudisha integrini, zile protini za kushikilia, kwenye ncha ya mbele ya seli inayosogea. Ila panya walioondolewa Rab25 wakiwa tayari na mwelekeo wa uvimbe wa utumbo wanapata uvimbe mwingi zaidi. Protini ile ile, huku inachochea kule inazuia.

MzeeWaHoja

Ya eksoni 14 nimeipokea, hiyo ni mutesheni ya kuharibu usafiri moja kwa moja hakuna ubishi. Ila ya Rab25 ndo imenipa raha zaidi, maana inathibitisha ukisema "usafiri wa protini unaleta kansa" bado hujasema kitu mpaka utaje protini gani na kiungo gani. Ticha andika hiyo ubaoni.

MtuWaHistolojia

Nyie mnabishana kwa vitabu mi hii kitu naiona kwa macho. Nipo maabara ya patholojia, kazi yangu ni kukata vipande na kuvipaka rangi.

Titi likitolewa uvimbe au bayopsi, kipande kinaingia kwenye formalini, kinagandishwa kwenye nta, tunakata unene wa mikroni 3 au 4, tunabandika kwenye slaidi. Tunaweka kingamwili inayoshika HER2, hicho ni kipokezi ndugu wa EGFR, halafu pale kilipo inajitokeza rangi ya kahawia, viini tunavipaka bluu. Rangi tunaipa daraja kuanzia 0 mpaka 3+, sasa ikiwa 3+ huhitaji hata kuambiwa, kila seli ya kansa imezungushiwa mstari mzito wa kahawia uliofunga pande zote, seli zimebanana kwaiyo mistari inaungana unaona wavu wa kahawia wenye matundu yenye bluu katikati. Sheria ni duara kamili na rangi kali kwenye zaidi ya asilimia 10 ya seli za kansa.

Hapa ndo pa Ticha. Kahawia ikiwa imetapakaa ndani, kwenye saitoplazimu, HATUIHESABU. Hata ikiwa nyingi kiasi gani. Daktari wa patholojia anatafuta mstari wa kwenye utando peke yake, maana kinachotakiwa kujulikana ni kipokezi kilichopo juu ya seli kinachofanya kazi na kinachofikiwa na dawa. Herceptin, dawa yenyewe, ni kingamwili, inashika kutoka nje, haina cha kufanya na HER2 ambayo haijafika juu. Yaani protini ipo, jina ni lile lile, ila mahali ilipo ndo panaamua mgonjwa aandikiwe dawa au asiandikiwe.

Kwa hesabu, seli ya kawaida ya titi ina makumi ya maelfu ya HER2 juu yake, ile ya 3+ inaweza kufika karibu milioni 2. Nyingi ni kwa sababu jeni imejinakili kopi nyingi, hilo mzee wa hoja anapata pointi yake. Ila SeliHailali ataeleza vizuri kwa nini hazipungui zikishafika juu.

Na naomba nilie kidogo. Kuna hospitali moja sitaitaja wanatuletea sampuli imelala kwenye kichupa usiku kucha bila formalini, eti iliisha. Kipande kinatakiwa kiingie kwenye formalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja toka kutoka mwilini na kikae humo kati ya masaa 6 na 72. Kikichelewa protini zinaharibika, rangi inafifia, mama wa watu anaandikiwa HER2 hasi kumbe kosa ni la chupa.

SeliHailali

@MtuWaHistolojia asante sana, hiyo ya kutohesabu saitoplazimu ni bora kuliko maneno yangu yote hapo juu.

Kuhusu HER2 kutopungua, yeye hana kichocheo chake kinachojulikana, anaishi kwa kuungana na wenzake. Na ni mgumu kuvutwa ndani, akiingia mara nyingi anarudishwa juu haraka. Mbaya zaidi akiungana na EGFR anamlinda mwenzake, ile pea haipachikwi alama vizuri, kwaiyo EGFR ambaye angeenda lisosomu naye anapona anarudi kazini. Seli ya kansa ya hivyo ina vipokezi vingi halafu havistaafu.

MtotoWaMchikichini

Swali la mtu wa mtaani. Kama kansa inapita kwenye hizi njia si mzizibe tu? Dawa ya kufunga Golji ipo?

SeliHailali

Ipo, inaitwa brefeldini A, imetoka kwenye kuvu, ukiimwaga kwenye seli Golji inasambaratika unaiangalia. Shida ni kwamba inasambaratisha ya kila seli. Kama theluthi moja ya protini zako zinapitia njia ile, insulini humo, kingamwili humo, ukifunga umefunga mtu mzima. Maabara wanaitumia kila siku kama kifaa cha utafiti, wodini haijafika.

Lakini kufunga mlango mmoja inawezekana. Ndani ya kiini kuna protini kazi yake ni kutoa protini nyingine nje ya kiini, inaitwa XPO1. Seli nyingi za kansa zinayo nyingi kupita kiasi, na miongoni mwa wanaotolewa nje ni p53, protini ya ile jeni ya TP53, ambaye asipokuwa ndani ya kiini hawezi kushika DNA na kuwasha jeni za kusimamisha mgawanyiko, anakuwa mlinzi aliye nje ya geti. Dawa ya selineksori inaiziba XPO1, iliruhusiwa Marekani 2019 kwa mayeloma sugu. Inachosha, kichefuchefu chake wagonjwa wanakijua, maana XPO1 ipo hata kwenye seli zako nzuri.

Mayeloma yenyewe ni kansa ya seli za plazma, zile za kutengeneza kingamwili, kwaiyo retikulamu yao imejaa mzigo muda wote. Bortezomibu, ya 2003, inaziba proteasomu ambayo ndo inasafisha protini zilizokunjika vibaya, takataka zinajaa ndani seli inajiua. Hapa unaua kansa kwa kuizidishia msongamano wake yenyewe, mi naona ni moja ya dawa zenye akili kuliko zote.

Kuna iliyofeli pia na inafundisha. KRAS, anayeongoza kwenye kansa ya kongosho, hawezi kufanya kazi mpaka abandikwe mkia wa mafuta unaoitwa farnesili umnase kwenye utando. Watu wakasema rahisi, tuzibe kimeng'enya kinachobandika, KRAS abaki anaelea. Makampuni yakamwaga hela kweli kweli miaka ya 1990 kuelekea 2000, dawa ikafika kwa wagonjwa wa kongosho ikagonga mwamba. Kumbe KRAS akikosa mkia ule anabandikwa mwingine wa jamii hiyo hiyo na kimeng'enya jirani, anafika kwenye utando kama hakuna kilichotokea. Dawa ya kwanza ya kumshika KRAS mwenyewe, sotorasibu, imekuja 2021, na inafaa kwa mutesheni moja tu inayoitwa G12C.

Halafu kuna zinazotumia usafiri badala ya kuuzuia. Wanachukua kingamwili ile ile ya Herceptin wanaifunga sumu, inaitwa T-DM1, ya 2013. Inashika HER2 juu, inasubiri ivutwe ndani, ifike lisosomu, lisosomu imeng'enye kingamwili na kuiachia sumu. Bila safari hiyo sumu haitoki. Na seli za kansa zimeshajua, nyingine zinakuwa sugu kwa kuvuruga tu lisosomu zao, HER2 ipo, dawa imeshika, mzigo haufunguliwi.

NesiWaWilayani

Jamani mbona hamjagusa kirusi? Kansa inayoongoza kwa wanawake Tanzania ni ya mlango wa kizazi na chanzo chake ni HPV, na HPV ni mtaalam wa hizi njia zenu. Nilisomeshwa hii kwenye semina na sijaisahau.

Kirusi kikiingia hakipasui seli, kinamezwa kama mzigo wa kawaida, kikifika endosomu badala ya kwenda lisosomu kikafe kinajishikiza kwenye mitambo inayorudisha protini kwenye Golji, kinasafiri kinyumenyume mpaka Golji, kinakaa pale kinangoja seli igawanyike, utando wa kiini ukifunguka ndo kinaingia. Kikishatulia kina protini tatu za fujo, E6 na E7 ndo mnazisikia sana, E6 inampeleka p53 akaharibiwe. Ya tatu ni E5, haina jina kubwa, ila kazi yake ni mada ya Ticha hasa, inafanya EGFR ichelewe kumengenywa irudi juu, na zile protini za MHC zinazoonyesha askari wa mwili kwamba humu kuna kirusi inazizuia kwenye Golji zisifike juu. Yaani kwa mkono mmoja inaongeza amri ya kukua na kwa mwingine inaficha ushahidi.

Chanjo tunatoa kwa wasichana tangu 2018, walianza wa miaka 14, na 2024 ikawa dozi moja kuanzia miaka 9. Ticha hao wa kidato cha sita ukiwaeleza haya waambie na wadogo zao.

SeliHailali

Sista umenipiga chenga. Na mwenzie HPV ni kirusi cha kansa ya Kaposi, HHV-8, ambacho Afrika Mashariki tunakijua vizuri sana, kina protini zake mbili K3 na K5 zinazopachika ubikwitini kwenye MHC zilizokwisha kufika juu, zinavutwa ndani zinamalizwa lisosomu. Mmoja anazizuia zisitoke, mwingine anazitoa zikishafika.

DaktariWaMitishamba255

Wakuu yote hayo mstafeli unamaliza, majani 7 kuchemsha asubuhi na jioni. Njoo inbox.

MtuWaHistolojia

Hapana. Mstafeli una anonasini, na kule Guadeloupe wanakokula na kunywa sana mti huo watafiti waliuhusisha na ugonjwa wa kutetemeka unaofanana na Parkinson usiosikia dawa. Inbox kaa nayo mwenyewe. Mods.

TichaWaPCB

Nimesoma kuanzia juu mpaka chini, nitaanza na NPM1 kwa sababu ya zile herufi 4, halafu HER2 ya kutohesabu kahawia ya ndani. Swali la mwisho, wakiniuliza tofauti kati ya protini mbovu na protini nzima iliyokaa pabaya nitajibuje bila kujichanganya? Maana NPM1 ni vyote viwili.

SeliHailali

Usiitenganishe kwa nguvu. Waulize maswali matatu kwa kila mfano, protini inafanya kazi yake? ipo mahali pake? inaondolewa kwa wakati? KRAS ya kongosho swali la kwanza ndo limeharibika, haizimiki, mahali ipo sawa. MET ya eksoni 14 la kwanza na la pili viko sawa, la tatu ndo bovu. NPM1 imefeli la pili. HER2 ya 3+ kipokezi chenyewe mara nyingi hakina mutesheni, kipo sehemu yake, tatizo ni wingi na kutoondoka. Wape na p53 wajaze wenyewe, watagombana dabo periodi nzima.

Mama_Wawili

Samahani naingilia, sijasoma sayansi. Mama mkubwa wangu majibu yake ya titi yameandikwa HER2 2+. Tumeambiwa turudi baada ya mwezi, hatujaelezwa chochote. 2+ ndo nzuri au mbaya?

MtuWaHistolojia

Pole dada. 2+ maana yake mstari wa kahawia upo ila hafifu, hatuwezi kusema chanya wala hasi kwa rangi peke yake. Sio majibu ya mwisho hayo. Inatakiwa kipimo kingine kinaitwa ISH, wengine wanaandika FISH, kinahesabu kopi za jeni ya HER2 ndani ya kiini. Kopi zikiwa nyingi inakuwa chanya anastahili Herceptin, zikiwa za kawaida inahesabiwa hasi, ingawa siku hizi hata hao wa katikati, kansa ikiwa imeshasambaa, wana dawa iliyoruhusiwa Marekani 2022, trastuzumabu derukstekani, kwaiyo hata hasi ya 2+ usiitupe karatasi.

Msingoje mwezi. Nendeni maabara ilikofanyika bayopsi muulizie bloku ya nta ya mama, ina namba, iko kwenye karatasi ya majibu juu kulia au kushoto. Hakuna haja ya kumchoma sindano tena, ISH inafanyika kwenye bloku ile ile. Kama wao hawana kipimo muombe bloku ipelekwe maabara yenye nacho, na mwambieni daktari wake aandike barua ya kuiombea. Ukikwama niandikie hapa hapa kwenye uzi.